Kushika mkia hadharani: orodha za majiji zinavyowasukuma viongozi wa serikali za mitaa kutunza mazingira

Mwaka 2016, katika jiji la Xi'an nchini China, watu waliingia kwa siri kwenye vituo vya kupima hewa na kuziba vifaa kwa pamba. Hewa iliyofika kwenye kipimo ikawa imekwisha kuchujwa, na takwimu zilizotumwa Beijing zikaonyesha hewa safi kuliko ile waliyokuwa wakiivuta wakazi. Hao hawakuwa wenye viwanda waliotaka kuficha moshi wao. Walikuwa watumishi wa idara za mazingira za wilaya, watu waliolipwa mshahara kwa kazi ya kuilinda hewa hiyo hiyo. Mwaka uliofuata mahakama iliwatia hatiani watu saba.

Naanza na kisa hiki kwa sababu kinafunua mambo mawili kwa mpigo. Kwanza, hakuna mwanafunzi anayehangaika kuibia mtihani usiohesabiwa. Ukiona watu wanahatarisha ajira na uhuru wao ili jiji lao lipande nafasi chache, ujue orodha hiyo inauma kweli. Pili, kuuma si kutibu. Orodha inaweza kumsukuma meya azime matanuri ya makaa ya mawe, na orodha hiyo hiyo inaweza kumsukuma msaidizi wake akatafute pamba. Ni nini kinachoamua ipi kati ya njia hizo mbili itafuatwa? Swali hilo lina faida kubwa kuliko lile la kila siku la kama orodha hizi zinafaa au hazifai.

Nani anaisoma?

Muulize mtu yeyote kwa nini kutangaza msimamo wa majiji kungeifanya hewa iwe safi, atakujibu kwa neno moja: aibu. Wananchi wataona jiji lao linaburuza mkia, watakasirika, na kiongozi atashtuka. Jibu hilo lina ukweli, ila limeruka hatua. Ili aibu ifanye kazi, lazima iwepo njia ya kutoka kwenye karatasi ya orodha hadi kwenye kitu ambacho kiongozi anaogopa kukipoteza: kura, cheo, bajeti, wawekezaji, au heshima yake mbele ya viongozi wenzake. Njia hiyo isipokuwepo, orodha husomwa asubuhi na kusahauliwa kabla ya jua kuzama.

China inalionyesha jambo hili waziwazi, kwa sababu huko meya hachaguliwi kwa kura za wakazi. Januari 2013 ukungu mzito wa moshi uliifunika Beijing na sehemu kubwa ya kaskazini mwa nchi. Mwezi huo huo majiji 74 yalianza kutangaza, saa baada ya saa, kiwango cha PM2.5, yaani chembechembe zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, ndogo kiasi cha kupenya hadi ndani kabisa ya mapafu na kuingia kwenye damu. Wizara ya mazingira ikawa inataja kila mwezi majiji kumi yenye hewa bora na kumi yenye hewa mbaya kuliko yote. Haikou, jiji la kisiwani, lilizoea kuwa juu. Chini yalijirudia majina ya Xingtai, Shijiazhuang, Baoding, Handan na Tangshan, yote ya jimbo la Hebei, kitovu cha viwanda vya chuma.

Wakazi waliisoma orodha hiyo, tena kwa uchungu. Lakini msomaji aliyewanyima usingizi viongozi wa majiji alikuwa mwingine. Maofisa wa China hupandishwa vyeo na walio juu yao, kwa tathmini zenye alama. Tangu mpango wa miaka mitano wa 2006 hadi 2010, malengo ya kupunguza uchafuzi yaliingizwa kwenye tathmini hizo kwa uzito mkubwa: kiongozi aliyeyakosa angeweza kunyimwa cheo hata kama uchumi wa jiji lake umekua vizuri. Kisha Septemba 2013 serikali kuu ikatoa mpango wa kitaifa wa kusafisha hewa, ukiutaka ukanda wa Beijing, Tianjin na Hebei upunguze PM2.5 kwa asilimia 25 ifikapo 2017. Katika hali hiyo, orodha ya kila mwezi ilikuwa sawa na ripoti inayotua mezani kwa mkubwa kabla mwenye jiji hajapata nafasi ya kuipamba. Huko Hebei, "kujitoa katika kumi za mwisho" kukawa lengo rasmi linalotajwa kwenye mipango na hotuba, mithili ya timu inayopigania isishuke daraja.

Kuna jaribio la kitafiti lililolipima jambo hili kwa namna ambayo ni vigumu kuipinga. Mwaka 2006 Ma Jun, aliyewahi kuwa mwandishi wa habari, alianzisha taasisi ya kiraia iitwayo IPE mjini Beijing. Mwaka 2008 kanuni za kitaifa za uwazi wa taarifa za mazingira zilianza kutumika, nayo IPE, ikishirikiana na NRDC, shirika la Marekani la kutetea mazingira, ikaanza kuyapa alama majiji 113. Hawakupima hewa. Walipima uwazi: je, jiji linatangaza viwanda vilivyokiuka sheria? Linajibu malalamiko ya wananchi? Baadaye watafiti wakachagua kwa bahati nasibu majiji mengine ya kupewa alama hadharani, na mengine wakayaacha bila alama ili kulinganisha. Ndani ya mwaka mmoja majiji yaliyopewa alama yalikuwa yakitii kanuni za serikali kuu vizuri zaidi kuliko wenzao, na tofauti hiyo ilidumu hadi mwaka wa pili.

Hadi hapo hakuna la kushangaza. La kushangaza ni hili: magazeti na wananchi hawakuonekana kuzungumzia uchafuzi kuliko walivyokuwa wakifanya kabla. Kelele za umma hazikupanda, na bado majiji yalijirekebisha. Maelezo ya watafiti ni kwamba orodha iliipunguzia serikali kuu kazi ya kuchunguza. Kabla yake, kujua nani anazembea kulihitaji kutuma wakaguzi na kusoma mafaili. Sasa kulihitaji kutazama karatasi moja, tena iliyoandaliwa na watu wengine.

Kwa maoni yangu hapa ndipo ulipo ufunguo wa mada nzima. Tunazitazama orodha kama barua kwa wananchi, na ndivyo zinavyoandikwa. Lakini mara nyingi anayezifanyia kazi ni mtu wa tatu, mwenye mamlaka juu ya kiongozi husika, ambaye zamani alikuwa na kisingizio cha kutojua. Orodha humwondolea kisingizio hicho. Mahali ambapo mtu wa aina hiyo hayupo, au yupo lakini hajali, orodha nzuri kupita zote haitasogeza hata gari moja la taka.

Indore na tamaa ya kubaki juu

India ina mfano wa aina nyingine, ambako viongozi hukabiliana na wapiga kura na ushindani hugeuka kuwa fahari ya jiji. Mwaka 2014 nchi hiyo ilizindua kampeni ya kitaifa ya usafi, na mwaka 2016 ikaja na tathmini ya majiji iitwayo Swachh Survekshan. Mara ya kwanza ilihusisha majiji 73. Mysuru liliongoza. Indore, jiji la biashara katikati ya nchi, lilikuwa la 25.

Mwaka uliofuata Indore lilishika nafasi ya kwanza, na halikuiachia hadi 2023, mwaka ambao liligawana taji na Surat. Miaka saba mfululizo. Kilichofanyika humo ni kazi ya mikono kabisa. Taka zikaanza kukusanywa nyumba kwa nyumba na makasha ya barabarani yakaondolewa. Wakazi wakafundishwa kuzitenganisha wenyewe nyumbani, hatimaye katika mafungu sita. Dampo la Devguradia, lenye mlima wa taka za miaka mingi uliokaribia tani milioni 1.3, likachambuliwa na kusafishwa. Mwaka 2022 kikafunguliwa kiwanda cha kugeuza taka za jikoni na sokoni kuwa gesi ya magari, chenye uwezo wa kupokea tani 550 kwa siku.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hofu hiyo ni ya haki: jiji likisifiwa sana linaweza kulegea. Kwa Indore ilikwenda kinyume kwa sababu sifa yenyewe ilikuwa ya mkopo wa mwaka mmoja. Kila mwaka ililazimu kuitetea upya, na mkazi aliyejivunia kuwa wa jiji safi kuliko yote alikuwa na sababu ya kumkemea jirani anayetupa takataka mtaroni. Tuzo inayotolewa mara moja na kutundikwa ukutani haina msukumo huo.

Ila tuitazame pia upande wa pili. Ilipofika 2018 tathmini hiyo ilikuwa imeenea hadi miji zaidi ya 4,000. Jiweke kwenye kiti cha mkurugenzi wa mji ulioshika nafasi ya 2,317. Hana aibu, hana fahari. Hata akipanda nafasi mia moja, nani atajua? Msukumo wa orodha hukaa kwenye ncha zake mbili, kwa wanaokaribia taji na wanaokaribia mkia. Katikati kuna usingizi. Waandaaji wa India walilitambua hilo wakaigawa miji kwa idadi ya watu, ili mji mdogo ushindane na wadogo wenzake. Nchini China, kutaja kumi bora na kumi mbovu peke yake kulizaa mpaka mkali: jiji la kumi kutoka mwisho linaanikwa, la kumi na moja linapumua, ingawa tofauti ya hewa yao pengine haionekani kwa macho. Mwaka 2018 wizara iliongeza idadi kutoka majiji 74 hadi 169 na ikaanza kutaja ishirini kila upande. Mpaka ulisogea, haukufutika.

Na penye mpaka mkali, watu huusogelea kwa hila. Kabla ya 2013, majiji ya China yalikuwa yakihesabu "siku za anga la bluu", yaani siku ambazo kielezo cha uchafuzi hakikuzidi 100. Watafiti walipozichambua takwimu hizo waliona siku nyingi kupita kawaida zimeangukia chini kidogo ya 100, na chache mno juu kidogo yake. Hali ya hewa haijui namba 100 ni nini. Anayeijua ni mwandika ripoti.

Funika kombe

Tumerudi kwenye pamba. Xi'an halikuwa peke yake. Mwaka 2018 watu 16 walihukumiwa kwa kuchezea vituo sita vya kupima hewa katika jiji la Linfen, jimbo la Shanxi. Kwa kipindi cha karibu mwaka mzima walikuwa wameingilia vipimo takriban mara mia moja, wengine kwa kuziba vifaa, wengine kwa kuvinyunyizia maji. Januari ya mwaka huo huo, katika jiji la Shizuishan lililoko Ningxia, gari lenye mzinga wa kurusha maji kama ukungu lilinyunyizia jengo la ofisi ya mazingira, palipokuwa na kituo cha kupimia, wakati baridi iko chini ya kiwango cha kuganda. Maji yakagandia ukutani. Picha za jengo lililovishwa barafu zikaenea nchi nzima, na kila aliyeziona alielewa kinachoendelea.

Hila hizi si za aina moja, na inafaa kuzitofautisha. Kuziba kifaa ni uongo mtupu, na uongo una dawa inayojulikana: kumnyang'anya mtahiniwa karatasi ya majibu. China ilifanya hivyo kwa hatua mbili. Kwanza ilifunga vifaa vinavyotuma takwimu moja kwa moja hadi ngazi ya taifa bila kupitia mikononi mwa ofisi ya jiji. Vilipoanza kazi, kiwango cha PM10, yaani chembechembe zisizozidi mikromita 10, kilichoripotiwa kilipanda papo hapo kwa wastani wa asilimia 35. Hewa haikuchafuka kwa asilimia hiyo usiku mmoja. Ilikuwa imefichwa muda wote. Hatua ya pili ilikuwa mwaka 2016, serikali kuu ilipochukua usimamizi wa vituo 1,436 vya kitaifa kutoka kwa serikali za mitaa. Xi'an na Linfen zinaonyesha kwamba hata hapo ufunguo wa mlango ulibaki na thamani, lakini kudanganya kukawa jinai yenye kifungo, si tena mchezo wa kalamu.

Aina ya pili ni ngumu zaidi kwa sababu hakuna anayesema uongo. Kituo cha kupima maji ya mto huona uchafu unaotoka juu yake tu, kule maji yanakotokea. Kiwanda kilichoko chini ya kituo kinaweza kumwaga kitakacho na kipimo kisitetereke. Watafiti walilinganisha viwanda vilivyo jirani, vingine kidogo juu ya kituo, vingine kidogo chini yake. Vya juu vilitoa uchafu pungufu kwa zaidi ya asilimia 57, na gharama ya kubanwa huko ilivipunguzia tija kwa zaidi ya asilimia 24. Maana yake ofisa wa mazingira alikuwa akiifanya kazi yake vizuri kabisa, lakini mahali kipimo kinapotazama tu. Mto kwa jumla haukupata haki yake. Wahenga wangesema funika kombe mwanaharamu apite, isipokuwa hapa hata kombe halikufunikwa. Limegeuzwa upande.

Magari ya kumwagilia barabara zinazozunguka vituo vya kupimia yako katikati ya aina hizo mbili. Je, kulowesha vumbi ni udanganyifu? Vumbi linatulia kweli. Ila linatulia mita chache kutoka kwenye kifaa, na kwingineko mtoto anaendelea kuvuta lile lile.

Nafasi haisemi juhudi

Los Angeles limeongoza kwa ozoni mbaya, ile gesi ya karibu na ardhi inayodhuru mapafu, nchini Marekani karibu kila mwaka tangu shirika la afya ya mapafu la nchi hiyo lianze kutoa ripoti yake mwaka 2000. Msomaji wa orodha hizo angedhani jiji hilo limelala miaka yote. Ukweli ni kinyume: ozoni ya Los Angeles imepungua sana tangu miaka ya 1970 na 1980, na sheria za California za moshi wa magari zimekuwa kielelezo kwa wengine. Lakini jiji hilo limekaa kwenye bonde lililozungukwa na milima, lina jua kali na mamilioni ya magari, na jua likikutana na moshi wa magari huzaa ozoni. Wenzake nao hawakusimama. Kwa hiyo limekimbia sana na kubaki palepale kwenye msimamo.

Hii ni kasoro ya asili ya orodha yoyote: nafasi ni jambo la kulinganisha, na lazima awepo wa mwisho hata kama wote wamefanya vyema. Majiji ya Hebei yana milima ya Taihang inayozuia upepo usiondoe moshi. Haikou lina bahari pande zake. Kumlinganisha meya wa Shijiazhuang na wa Haikou kwa hewa peke yake ni kupima juhudi za watu kwa ramani waliyozaliwa nayo. Anayejua kwamba hawezi kupanda hata akijitahidi vipi huacha kujitahidi, au hutafuta pamba.

Ndiyo maana naiona hatua ya China ya 2018, ya kutangaza pia majiji yaliyoboreka na yaliyozorota zaidi, kuwa ya maana kuliko kuongeza idadi ya majiji. Orodha ya mabadiliko humlinganisha kiongozi na jana yake. Hapo hata jiji lenye hewa mbaya kuliko yote lina jambo la kupigania mwezi ujao, na jiji la pwani lenye upepo wa bure halipewi sifa kwa kukaa tu. Mwaka 2019 utaratibu huo ulitumika pia kwenye orodha za maji ya mito na maziwa.

Njia nyingine ni kuachana na namba za nafasi na kutumia madaraja. Indonesia ilianza hivyo mwaka 1995, japo kwa viwanda, si kwa majiji, kupitia mpango uitwao PROPER wenye rangi tano: dhahabu, kijani, bluu, nyekundu na nyeusi. Bluu ni aliyetimiza sheria, nyekundu ni aliyeanza lakini hajafika, nyeusi ni asiyejali. Katika viwanda 187 vya mwanzo, karibu theluthi mbili havikufikia bluu. Serikali haikuvianika siku hiyo. Ilitangaza kwanza waliofanya vizuri, ikawapa wengine miezi kadhaa ya kujirekebisha, ndipo majina yakatoka. Napenda mambo mawili katika mpango huo: wote wanaweza kufika bluu bila mmoja kumsukuma mwenzake chini, na kipindi kile cha onyo kilileta mabadiliko kabla aibu yenyewe haijafika.

Bei ambayo orodha haiandiki

Februari 2015 meya wa Linyi, jiji la jimbo la Shandong, aliitwa na wizara kujieleza kuhusu hewa ya jiji lake. Siku chache baadaye viwanda 57 vilifungwa kwa mkupuo. Hewa iliboreka. Magazeti ya China yaliripoti pia watu wapatao 60,000 kubaki bila kazi, na madeni ya viwanda hivyo kuyumbisha mabenki. Miaka miwili baadaye, Desemba 2017, katika kampeni ya kuondoa makaa ya mawe majumbani kaskazini mwa nchi, wanafunzi wa shule za msingi wilayani Quyang, Hebei, walionekana wakisoma nje juani kwa sababu madarasa hayakuwa na joto. Makaa yalikuwa yamepigwa marufuku kabla mfumo mpya haujawaka. Wizara ililazimika kutoa agizo la haraka kuruhusu makaa pale ambapo mbadala haujafika, na mwaka uliofuata ikakataza waziwazi mtindo wa kufunga kila kitu kwa panga moja.

Sisemi haya kuitetea hewa chafu. PM2.5 ya Beijing ilishuka kutoka wastani wa mikrogramu 89.5 kwa kila mita ya ujazo mwaka 2013 hadi 58 mwaka 2017, na watu wengi wako hai leo kwa sababu hiyo. Orodha ilichangia, ikiwa pamoja na viwango vikali vya viwanda, ruzuku za gesi na umeme, na wakaguzi waliotumwa bila taarifa. Lakini orodha ina safu moja tu ya namba. Haina safu ya watoto waliosoma juani. Kiongozi anayehesabiwa mwezi kwa mwezi atachagua hatua inayoonekana mwezi huu, na kufunga ni kwa haraka kuliko kujenga. Mfereji mpya wa majitaka, misitu ya chanzo cha mto, usafiri wa umma: haya huchukua miaka, na aliyeyaanza huenda akawa amehamishwa yatakapozaa matunda. Orodha ya mwezi huyapita bila kuyaona.

Vivyo hivyo na uchafu usiowekwa mbele. Katika miaka ile ile ambayo PM2.5 ilikuwa ikishuka nchini China, ozoni ilikuwa ikipanda. Lengo la 2017 lilitaja chembechembe, na chembechembe ndizo zilizopungua.

Kuna jambo moja la mwisho, na kwangu ndilo linalosumbua kuliko pamba. Mei 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa takwimu za hewa za majiji 1,600 kutoka nchi 91, na Delhi likaonekana kuwa na PM2.5 mbaya kuliko yote, wastani wa mikrogramu 153. Vichwa vya habari vilienea dunia nzima. Maofisa wa India walizipinga takwimu hizo, lakini mjadala haukuzimika, na Aprili 2015 serikali ilizindua kielezo cha kitaifa cha ubora wa hewa, ili mkazi wa kawaida ajue kwa rangi na namba kama leo ni siku ya kumzuia mzee mwenye pumu asitoke nje. Delhi lilishika mkia kwa sababu lilikuwa na vifaa na lilikubali kuhesabiwa. Majiji ambayo hayakuwa na hata kituo kimoja hayakuwa ya kwanza wala ya mwisho. Hayakuwamo. Meya wa jiji kama hilo hakuulizwa swali na mwandishi yeyote asubuhi ile, na moshi wa jiji lake haukuwa na namba.